Hereni ya Mkurugenzi

Inatangazwa kwa fahari kubwa kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna binadamu atakayebeba tishu ya mnyama mwilini kiholela. Kwa mujibu wa Kanuni mpya ya Upandikizaji, mtu mwenye kiungo cha mnyama, "kwa kiasi chochote kile", ni mfugo. Atavaa hereni ya plastiki ya njano sikioni, na hatatoka wilayani bila kibali.

Ndiyo maana Ijumaa ya wiki hiyo, asubuhi, fundi cherehani, mama wa watu aliyewekewa figo la nguruwe mwaka jana, alikuwa kwenye benchi la Ofisi ya Mifugo, hereni namba 17 ikining'inia, gauni la harusi la bintiye mapajani. Harusi ilikuwa kesho yake, wilaya ya pili. Basi la mwisho, saa nane mchana.

Bwana Mifugo, mtu mnyoofu kama rula, alimpima joto, akamkagua meno, akajaza fomu. Kwenye nafasi ya mmiliki fundi alimtaja mumewe, shingo upande, maana mfugo usio na mmiliki hupigwa mnada. Ilibaki sahihi ya Mkurugenzi tu.

Mkurugenzi akatokea na begi la safari. Alikuwa anawahi ndege, akahutubie kongamano kuhusu kanuni hiyohiyo, aliyoiandika kwa mkono wake. Fundi akamwomba. Mkurugenzi akatazama saa, akasema mifugo yote isubiri wiki ijayo.

Fundi akalitazama koti la Mkurugenzi. Alilishona yeye.

"Mheshimiwa, kifua bado kinabana? Maana siku ile nakupima uliniambia nilegeze hapo kwenye kovu. Ukasema moyo wako umetiwa kiraka cha ng'ombe."

Mkurugenzi akakinyakua kibali, akasaini, akagonga muhuri mara mbili.

"Haya mama, kamwoze mtoto. Na hayo yaishie hapahapa."

Lakini Bwana Mifugo alishashika koleo la hereni.

"Wewe, ni kipande kidogo tu. Kama ukucha."

"Kiasi chochote kile, mheshimiwa. Geuza shingo kidogo."

Koleo likalia kwacha. Namba 18.

Fundi akauliza, roho mkononi, kama kibali chake bado kina nguvu. Bwana Mifugo akatafakari.

"Kina nguvu, mama. Alisaini akiwa bado mtu."

Fundi akakunja gauni, akatoka mbio. Mlangoni palibandikwa tangazo la karantini: ng'ombe wasitoke wilayani siku ishirini na moja, kwa amri ya Mkurugenzi. Nguruwe hawakutajwa.

Nyuma yake Mkurugenzi alikuwa anapiga kelele kuhusu ndege. Bwana Mifugo alifungua daftari kwa utulivu.

"Jinsia, dume. Meno, tutayaona. Mmiliki wako nani?"

"Mmiliki? Mimi ni Mkurugenzi! Hakuna anayenimiliki mimi!"

Bwana Mifugo akashusha pumzi, akafunua ukurasa wa pili.

"Basi mnada ni Jumanne."