Dorvessen ya Daktari wa Meno

Mtu waliyemwita Mhandisi hakuwahi kusomea uhandisi wa kitu chochote. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kalamu tatu alizochomeka kwenye mfuko wa shati, na kwa sababu kila alipoulizwa kazi yake alijibu, "Mambo ya ufundi, kwa upande wa juu." Watu waliuheshimu sana huo upande wa juu, na hakuna aliyeuliza uko wapi.

Siku bahati ilipomjia alikuwa amelala chali kwa daktari wa meno, mdomo wazi, vyuma ndani. Kiti chenyewe kilikuwa kibovu. Kilikwama kikiwa kimelalia nyuma, hivyo mgonjwa alikaa kichwa chini kuliko miguu, na damu yote ikamkusanyikia masikioni. Labda ndiyo maana Mhandisi aliusikia muziki uliokuwa ukipigwa taratibu kutoka kabatini.

"Samahani kwa sauti hii," daktari alisema huku akichokonoa. "Amplifaya ya hapa kazini ni ya kawaida tu, na ya nyumbani nayo si ya kujivunia. Natafuta kitu cha maana, ila sijui nimuulize nani."

Mhandisi hakuweza kujibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukaa dakika ishirini bila kusema neno, na akili yake, kwa kukosa pa kutokea, ikafanya kazi maradufu. Alipopewa maji ya kusukutua, mpango ulikuwa umeshaiva.

"Ya nyumbani ni chapa gani, daktari?"

Daktari akaitaja. Ilikuwa chapa nzuri, ya watu wanaoheshimika. Mhandisi akatema maji, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayetoa pole ya msiba.

"Wengi huanzia hapo," alisema.

"Na huishia wapi?"

"Siwezi kuitaja hapa. Kuna wagonjwa nje." Akachukua koti lake. "Nipe wiki mbili."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake. Huyu alikuwa fundi redio wa kweli, mwenye kichumba nyuma ya duka la mshonaji, kisicho na dirisha. Alikuwa na mikono iliyotulia na maneno machache. Mezani kwake palikuwa na amplifaya kuukuu iliyotoka kwenye ukumbi wa mikutano uliofungwa.

"Hii inaimba vizuri kabisa," shemeji alisema. "Nimeisafisha, nimebadilisha vyote vilivyochoka. Muuzie hivi hivi, kwa bei yake."

"Kwa bei yake hataisikia," Mhandisi alijibu. Akainyanyua kwa mkono mmoja. "Tatizo la kwanza hili hapa. Nyepesi. Mwenye pesa akinyanyua kitu kwa mkono mmoja, moyo wake unaingia wasiwasi."

Shemeji akaguna, lakini alikuwa anadaiwa kodi ya kichumba. Akafunga ndani ya sanduku sahani mbili za chuma za wanyanyua vyuma. Vitufe vya plastiki vikang'olewa, vikawekwa vya shaba vilivyokatwa kutoka kwenye vitasa vya milango. Kitabu cha maelekezo kilichapishwa kwenye karatasi nene za kadi za harusi, kwa lugha ambayo hakuna aliyeweza kuikosoa kwa kuwa haikuwa lugha.

Likabaki jina. Mhandisi alikwenda kwa muuza vyuma chakavu, akabandua herufi za chuma kwenye majokofu mawili, jiko na mashine ya kufulia. A haikupatikana hata moja. Wakazipanga mezani, wakazipangua, mpaka ikatokea Dorvessen.

"Inasomeka kama jina la dawa ya kikohozi," shemeji alisema.

"Inasomeka kama kitu ambacho hukukijua, na unaona aibu kuuliza," Mhandisi alimsahihisha.

Kabla ya kufunga mfuniko, shemeji alibandika ndani kikaratasi kidogo chenye namba yake ya simu na maneno "Dhamana miezi mitatu". Hakuwa na nia yoyote. Ndivyo alivyofanya kwa kila chombo kilichopita mikononi mwake.

Jumamosi mchana Mhandisi aliipeleka Dorvessen nyumbani kwa daktari, ikibebwa na wanaume wawili. Sebuleni walikuwa watu watatu: daktari mwenyewe, mkewe ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, na rafiki yao wakili. Mhandisi akavaa glovu nyeupe. Akaiweka Dorvessen kando ya amplifaya ya zamani ili, kama alivyosema, masikio yenyewe yaamue.

Kwanza akapiga wimbo mmoja kwa ile ya zamani. Wote wakasikiliza kwa huruma.

Sasa ilimpasa azihamishe nyaya za spika. Lakini wakili akauliza Dorvessen inatengenezwa wapi, na Mhandisi, ambaye hakuwahi kuruhusu swali lipite bila jibu refu, akaanza kueleza habari za familia moja inayotengeneza amplifaya arobaini kwa mwaka na kuzivunja kumi na mbili zisizowaridhisha. Alipomaliza, alikuwa ameshasahau alipoishia. Akawasha Dorvessen, taa yake ikawaka, akazungusha kitufe cha shaba, akauanza wimbo upya.

Daktari akafumba macho. Dakika ya pili ilipofika, chozi lilikuwa limefika shavuni.

"Huyu mwimbaji ana pengo," alisema kwa sauti ndogo. "Jino la juu, upande wa kushoto. Miaka yote hii nimemsikiliza na sikujua."

Wakili hakuwa mtu wa kukubali kuachwa nyuma. Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Na kiti alichokalia," alisema, "kina mguu mmoja mfupi."

Hapo ndipo Mhandisi alipotupa jicho nyuma ya meza, akaona nyaya. Hazikuwa zimehama. Dorvessen ilikuwa imewaka taa na kukaa kimya kama mgeni mwenye adabu, na kilichokuwa kinaimba ni ile ile ya zamani. Jasho jembamba likamtoka. Kisha akawaangalia daktari na wakili, akaona hakuna haja ya jasho.

"Tuipumzishe kidogo," alisema, akazima vyote. Alipozihamisha nyaya kimyakimya, hakuna aliyemwangalia, isipokuwa mwalimu mkuu, mwanamke aliyesimamia mitihani kwa miaka ishirini na aliyezoea kutazama kule ambako wengine hawatazami. Aliona kila kitu. Lakini aliuona pia uso wa mumewe, na kwa kuwa hakujua bei, akanyamaza.

Bei ilikuwa ya gari dogo. Daktari alilipa siku hiyo hiyo. Mhandisi akamwendea shemeji yake kwa masikitiko, akamwambia jamaa ni bahili ajabu, ametoa bei ya baiskeli. Akampa nusu ya baiskeli.

Mwalimu mkuu aliijua bei mwezi uliofuata, alipouliza kiti kipya cha wagonjwa kinafika lini.

"Kiti kitasubiri," daktari alisema bila kumtazama. Pesa ya kiti yote ilikuwa imeingia kwenye Dorvessen.

Kiti hakikusubiri. Wiki hiyo mzee mmoja aliteleza kutoka kitini, kichwa mbele, akaishia mikononi mwa muuguzi. Mama mwenye mimba alikitazama kiti, akaaga. Wagonjwa wakaanza kuvuka barabara kwenda kwa daktari mwingine, asiyekuwa na muziki wowote lakini mwenye kiti kinachoinuka. Jioni daktari alikaa mbele ya Dorvessen yake akisikiliza mapengo ya waimbaji, na mkewe alikaa jikoni akipiga hesabu ya ada za watoto.

Siku moja mume akiwa kazini, mwalimu mkuu alichukua bisibisi, akafungua mfuniko. Akazikuta sahani mbili za chuma, zimeandikwa kilo kumi kila moja. Na pembeni akakuta kikaratasi cha dhamana.

Fundi redio alimpokea vizuri, akamvutia kigoda. Alipoelezwa shida, hakukana.

"Mashine ni nzima, dada. Ile naijibia popote. Mengine yote ni ya shemeji yangu." Kisha akauliza kwa upole, "Alikuuzieni bei gani?"

Mwalimu mkuu akamwambia. Shemeji akaiweka chini pasi ya kulehemu, akaizima.

"Mimi aliniambia baiskeli," alisema.

Wanawake hao wawili walizungumza mpaka mshonaji wa mbele akafunga duka. Mwalimu mkuu hakutaka kumwumbua mumewe. Alitaka pesa ya kiti. Shemeji alitaka haki yake. Ghala la maabara shuleni lilikuwa na masanduku mawili ya chuma cheupe, ya vyombo vilivyokufa, ambayo kamati ya shule ilikuwa imekwisha kuamuru yatupwe. Shemeji alikuwa na amplifaya nyingine ya kuyaweka ndani. Mchonga mihuri wa mtaa wa pili alichonga jina la Dorvessen kwa mwandiko mwembamba, akaongeza namba ndogo: 7.

Kumpata wakili halikuwa jambo gumu. Mwalimu mkuu alimweleza habari za nyaya, na wakili akakumbuka aliyoyasema kuhusu mguu wa kiti. Alikubali kusaidia kabla hajaombwa.

Ndiye aliyempigia Mhandisi simu. Alisema anataka Dorvessen, lakini si kama ya daktari. Anataka ile ya zamani, ya masanduku mawili, ya uso mweupe. Akiipata atalipa mara tatu ya bei aliyolipa daktari.

Mhandisi alifika kwa shemeji yake anahema. "Tutengeneze nyingine. Masanduku mawili, nyeupe."

"Ya nini kutengeneza?" shemeji alisema. "Kuna moja imeletwa juzi nirekebishe swichi." Akavuta kitambaa.

Mhandisi aliitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya herufi. Akajaribu kuinyanyua, ikakataa.

"Shemeji. Jina hili tumelitunga hapa, wewe na mimi, kwa herufi za majokofu."

"Ndivyo nilivyodhani na mimi. Labda tulilisikia mahali, likatukaa kichwani."

"Nani mwenyewe?"

"Mjane mmoja," shemeji alisema, na huo haukuwa uongo. "Anaweza kuiuza, ila hataki kupunjwa. Alishawahi kupunjwa."

Akaiwasha. Mhandisi alitaka tu kuhakikisha inafanya kazi, lakini wimbo ulipoanza akajikuta ameketi. Alikuwa ameuza sauti nzuri kwa watu wengi bila kuisikia hata mara moja. Sasa aliisikia. Nyuma kabisa ya ngoma kulikuwa na mtu anafungua mlango, anasita, anaufunga tena kwa uangalifu ili asiharibu wimbo. Alimsikia mtu huyo waziwazi, mpaka akajua amevaa viatu vya ngozi.

"Mwambie nainunua," alisema.

Bei ya mjane ilikuwa bei ya gari dogo, na kidogo juu yake. Mhandisi alitoa yote aliyolipwa na daktari, akauza pikipiki, akauza saa. Shemeji alimwandikia risiti safi na kumwekea sahihi. Mhandisi akampigia wakili, akamwambia mzigo umepatikana.

"Mzigo gani?" wakili aliuliza.

"Dorvessen, mheshimiwa. Ya masanduku mawili."

"Nimefanya uchunguzi," wakili alisema kwa sauti yake ya mahakamani. "Hakuna kampuni ya jina hilo popote duniani. Kama kuna mtu amekuuzia, nakushauri uende polisi."

Mhandisi alikwenda. Alifika hadi ngazi za kituo, akasimama pale akiyapanga maelezo yake. Ameuziwa Dorvessen ya bandia. Akajiuliza atajibu nini akiulizwa ya kweli ikoje. Akashuka ngazi.

Kiti kipya kilifika baada ya wiki mbili. Daktari aliambiwa mkewe alikuwa amejiwekea akiba, akaona aibu, akamnunulia viatu. Wagonjwa walivuka barabara kurudi. Shemeji alihamia kwenye chumba chenye dirisha la barabarani, na Mhandisi alipopita hapo siku ya kwanza, alimkaribisha chai kama kawaida. Hakuna aliyegusia jambo lolote.

"Swichi inakusumbua?" shemeji alimuuliza tu.

"Hapana," Mhandisi alijibu. "Iko sawa."

Aliishi na Dorvessen namba 7 kwenye chumba chake cha kupanga, ambako ilichukua nafasi ya kitanda, likabaki godoro. Aliisikiliza kila siku. Habari zikasambaa, kama zinavyosambaa, na mwezi wa tano tangu ainunue akaja mwenye hoteli moja kubwa. Alikuwa amesikia kwamba ziko chache duniani, akatoa bahasha na kuiweka mezani. Ndani yake mlikuwa na bei yote aliyolipa Mhandisi, na faida.

Mhandisi alikuwa ameshasimama kutafuta kamba ya kufungia. Kisha akaketi tena.

"Isikilize kwanza, mzee," alisema, akauweka ule wimbo wa mlango.

Mwenye hoteli akasikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni. "Nzuri," alisema. "Inalia kama redio ya mke wangu. Lakini jina ni jina. Haya, tufunge biashara."

Mhandisi alimwangalia kwa masikitiko ya kweli. Akaichukua bahasha, akamrudishia mkononi, akamsindikiza hadi mlangoni.

"Samahani, mzee wangu," alisema. "Kwa masikio hayo, mimi siwezi kukuuzia."