Suti ya Kukimbilia

Jumatatu, 2 Juni

Nimekunywa chai peke yangu tena. Mke wangu alitoka alfajiri na mdogo wake wa kiume, kwenda kukimbia. Hawafukuzwi na mtu! Wanakimbia tu, wanazunguka, wanarudi pale pale walipoanzia.

Zamani asubuhi ilikuwa yetu. Kabla sijafungua duka tulikaa kizingitini, yeye na kikombe chake, mimi na changu, tukiwasengenya wapita njia. Si kwa ubaya. Nguo zao tu. Yule kola inamkaba. Huyu suruali imemkatia tamaa. Fundi cherehani ni mimi, lakini jicho kali analo yeye. Kisha binti yetu akaolewa, akahamia kwake. Nikadhani sasa tutakaa kizingitini mpaka tuchoke. Wiki haikuisha, mke wangu akanunua raba. Siku hizi nakuta kikombe changu kimefunikwa kisahani na yeye hayupo. Akirudi, anacheka mambo yaliyotokea huko njiani, na mimi huko njiani sikuwepo.

Roho inaniuma. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Shemeji ndiye aliyemwuzia hizo raba. Ana kibanda cha nguo za michezo ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na duka langu. Ametundika sanamu isiyo na kichwa, imevaa bukta. Leo alinisalimia kwa kelele kutoka kule kule, akasema mimi nashonea watu wa kusimama na yeye anauzia watu wa kwenda. Wateja wangu wakacheka. Wateja wangu!

Nimeamua. Nitakimbia na mke wangu. Lakini kuvaa bukta ya shemeji? Thubutu! Nitashona mwenyewe suti ya kukimbilia. Nitatokea alfajiri moja pale kwenye kona, kimya kimya, nimenyooka. Mke wangu atashangaa. Shemeji atajiona hana kazi, arudi kulala. Ningeweza pia kumwambia mke wangu tu kwamba nataka twende wote. Lakini haiwezekani. Nitaanzia wapi?

Jumanne, 3 Juni

Mwalimu Mkuu alikuja kupimwa koti la kustaafu. Nilipomzungushia futi kiunoni akavuta tumbo ndani, macho yakamtoka, akaacha kuongea. Wote hufanya hivyo. Sijawahi kupima mwanamume ambaye hakuvuta tumbo. Mimi sisemi kitu. Nasoma namba kwa sauti, anafurahi, halafu nikipiga chaki kwenye kitambaa naongeza vidole viwili. Siku ya sherehe anakaa, anakula, anacheka, na hajui kwa nini. Hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu.

Alipoondoka nikafunga pazia la duka nikajipima mwenyewe. Kwa kawaida hunipima mke wangu, lakini nikimwita siri imetoka. Nikasimama mbele ya kioo, nikajikaza. Matokeo mazuri mno! Kiuno ni kile kile cha siku ya harusi. Sikuongeza kitu. Sikuona sababu.

Kitambaa: mabaki ya suti ya bwana harusi mmoja, buluu iliyokoza, kizito, kinaanguka vizuri. Bitana ndani, maana suruali isiyo na bitana ni nusu ya suruali. Nimepiga pasi mpaka mstari wa mbele ukasimama wima. Mifuko minne. Sijui nitaweka nini, lakini mtu asikimbie kama hana mifuko.

Alhamisi, 5 Juni

Majaribio. Nilingoja watu waende kula mchana, nikajipenyeza hadi kiwanja kilicho nyuma ya shule. Nikaanza kwa heshima, mkono mbele, mkono nyuma. Hatua chache, kifungo cha kiunoni kikaruka! Sikukiona kilikoangukia. Nikashika suruali kwa mkono mmoja nikaendelea.

Kisha jasho. Lo! Bitana ililoa ikanigandia mapajani, kitambaa kikapata uzito wa blanketi lililotoka kwenye beseni, na mshono wa ndani ya mguu ukaanza kunisaga kama nimekosea mtu. Sikumaliza hata mzunguko mmoja. Nimerudi dukani miguu mbali mbali, nikipita nyuma ya nyumba za watu.

Kuhusu kiuno, nimefikiri sana. Kitambaa kimesinyaa. Haiwezi kuwa kingine.

Jioni mke wangu aliniuliza mbona natembea hivyo. Nikamwambia ni kiti cha dukani, kimelegea. Baadaye nikakuta kopo la mafuta ya mgando kitandani, upande wangu. Sijui kalisahau vipi pale. Nimejipaka, nimepata nafuu.

Ijumaa, 6 Juni

Leo ni raba. Zangu za zamani zimekatika soli, na viatu vya ngozi nilivyojaribu kule kiwanjani vimenitoa malengelenge visiginoni. Raba zinauzwa kwa shemeji. Mtu mwingine mwenye raba mtaa huu hakuna. Nimemeza mate machungu.

Nikala njama. Nesi wa zahanati alikuja kufupisha sketi. Nikamwomba anivukie barabara, aninunulie raba za namba yangu, aseme ni za mjomba wake. Nikajificha nyuma ya gauni la biharusi lililotundikwa dirishani nikawa nachungulia. Waliongea sana. Wakacheka. Shemeji akatazama dukani kwangu, akalitazama lile gauni muda mrefu.

Nesi alirudi na raba kubwa kuliko namba niliyomtuma. Akasema muuzaji amekataa katakata kumpa zile ndogo. Amesema mguu huvimba mtu akikimbia, kidole gumba kipate nafasi ya kupumua, mjomba asione aibu. Pia kamwekea mjomba soksi za bure, nene kisiginoni, kwa ajili ya malengelenge. Na amsalimie sana mjomba, amwambie dada yake yeye muuzaji huwa anaanza polepole, kwa hiyo asiogope.

Nimejiuliza amejuaje habari za malengelenge. Labda wajomba wote wanayo. Raba zimenikaa vizuri, nakubali shingo upande.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kupeleleza. Shemeji alikuwa amekwenda kunywa maji, au ndivyo nilivyodhani. Nikachukua bukta moja nikaigeuza ndani nje.

Naandika ukweli, kwa sababu hapa nipo peke yangu. Imeshonwa vizuri. Mishono imelazwa bapa, ukipitisha kidole huisikii. Hakuna bitana. Kitambaa chepesi, ukikipuliza pumzi inapita upande wa pili. Kiuno ni lastiki pana na kamba ndani yake, kila mtu ajifunge anavyotaka. Mfuko mmoja tu, mdogo, wa ufunguo. Aliyeishona alimfikiria mtu anayetokwa na jasho. Mimi miaka yote nimemfikiria mtu anayepigwa picha.

Nilisimama pale na ile bukta mkononi, nikajisikia mdogo. Nikageuka, shemeji yuko nyuma yangu na chupa yake ya maji! Nikamwambia natafuta nondo wanaokula nguo, mtaa mzima una nondo, nimeona nimsaidie kukagua. Akanishukuru. Kisha akapunguza sauti, na hakuwa na mzaha safari hii. Akasema shemeji, ichukue tu, nenda nayo, dada atafurahi. Nikamjibu kwamba mimi sivai nguo nisiyomjua aliyeishona. Nikavuka barabara kifua mbele. Nilipofika dukani nikakaa chini kidogo, sikuwasha hata cherehani.

Lakini kazi ni kazi. Nimeipata siri, naijua mishono, na kitambaa chepesi ninacho, cha bitana za magauni. Nimeshona bukta yangu kabla giza halijaingia. Lastiki sikuweka. Lastiki ni ya watu wasiojua kipimo chao. Kipimo changu ninacho, kile cha Jumanne.

Jumapili, 8 Juni

Alfajiri niliamka kabla yake, nikatoka kwa kunyata, nikasimama kwenye kona. Raba mpya, soksi za mjomba, bukta yangu, fulana yangu. Nimenyooka. Walipotokea, mke wangu alisimama ghafla akaweka mkono kifuani. Kisha akatabasamu. Tabasamu hilo sijaliona tangu binti aondoke, na mimi nilikuwa sijatambua kwamba halipo. Nikasahau hotuba yote niliyoiandaa.

Tukakimbia. Naam, mimi! Miguu haikuuma, mapaja hayakusagana, upepo ulipita kila mahali unapotakiwa kupita. Shemeji akatusogelea, akasifia mshono wangu. Nikajaa. Nikaongeza mwendo ili aone na nyuma.

Aliona nyuma. Karibu na duka la mkate nilitaka kuruka dimbwi, nikavuta pumzi ya kweli, ya tumboni, kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. Bukta ikapasuka kuanzia kiunoni hadi huko ninakokalia. Sauti ile naijua. Nimeisikia kwenye harusi za wateja wa mafundi wengine.

Nikaganda. Shemeji akavua fulana yake, ndefu ile, akanifunga kiunoni kwa haraka, bila neno wala kucheka. Mke wangu akamwambia atangulie. Akakimbia. Alipofika mwisho wa barabara nikamwona ameegemea ukuta, mbavu hana.

Sisi tukarudi kwa kutembea. Nilikuwa nangoja anicheke, ningeelewa. Hakucheka. Tulipita mtu aliyevaa koti kubwa, mke wangu akaninong'oneza kwamba lile koti limekuja na mtu ndani. Nikacheka mpaka nikashikilia fulana ya shemeji kwa mikono miwili. Tukaendelea hivyo hadi nyumbani.

Tukanywa chai kizingitini, vikombe viwili. Nikamwuliza, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kupoteza, kwa nini aliacha kukaa na mimi asubuhi. Akasema saa ile ndiyo saa ambayo binti alikuwa anatafuta viatu, anagonga milango, anaimba vibaya. Siku ya kwanza baada ya kuondoka kwake, mke wangu alikaa hapa kizingitini akasikia nyumba ilivyonyamaza nyuma yake, na mimi nikawa naongelea kola ya mtu. Hakuweza kuvumilia. Akatoka kwenda popote. Akasema kila siku aliacha raba zake mlangoni, katikati kabisa, nijikwae, nimwulize naye anikaribishe. Mimi nilikuwa naziruka. Nilidhani ni uchafu wa shemeji.

Sikujua. Nilikaa naye hapo na sikujua. Mtu niliyemshonea kila gauni alilonalo! Nikamshika mkono, nikamwambia na mimi nyumba nimeiona kubwa. Akasema anajua. Kopo la mafuta, akasema, hakulisahau.

Jumatatu, 9 Juni

Tunaanza kukimbia wote kesho, mimi na yeye. Shemeji ataungana nasi akitaka, kwa mbali. Amevuka barabara mwenyewe kuniletea kitambaa kile chepesi cha kweli, kipande kizima, na lastiki. Nimempokea vizuri. Nikamwahidi kumshonea koti, bure. Akaniuliza kama ni la kusimama au la kwenda. Nikamwambia la kunyamaza.

Mchana mke wangu alifunga pazia la duka akachukua futi. Akanipima kama zamani, shingo, kifua, mkono. Alipofika kiunoni, sijui nini kilinipata. Nikavuta tumbo. Sikukusudia! Liliingia lenyewe. Nikatazama dari, nikaacha kuongea. Yeye akasoma namba kwa sauti, akasema hongera, kiuno cha bwana harusi. Nikafurahi.

Kisha akainama juu ya kitambaa na chaki. Nikaona kwenye kioo. Akaweka alama pale namba ilipoishia, akanitazama kwa kujiiba, akalaza vidole viwili pembeni yake, akapiga mstari nje ya vidole.

Mimi nimewafanyia hivyo watu wazima wa mtaa huu wote. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu ananifanyia na mimi. Suruali zangu zote, kila sherehe niliyokaa nikala nikacheka! Machozi yalinijia. Nikasema ni vumbi la chaki. Akasema hata yeye limemwingia.

Sasa ni jioni, amekwenda kupika, na kitambaa kiko mezani mbele yangu. Nitashona kwa mikono miwili na moyo wote. Nimejifunza mengi wiki hii. Mishono nitailaza, bitana nimeiacha, lastiki ya shemeji nimeikubali, ingawa nimeikata fupi kidogo ili ikae vizuri. Nimekitazama sana kile kiuno. Mke wangu ana upendo, hilo silikatai, ila si fundi. Mstari wake nimeufuta kwa kidole gumba nikaurudisha ndani, kwenye kipimo.

Hakuna hatari. Safari hii kitambaa nimekifua kwanza, hakitasinyaa.