Baridi ya Isyonje na Buti za Mpira

Jumatatu, 1 Julai 1974

Uyole. Nimeamka nyasi zote nyeupe, umande umeganda. Mimi mtu wa Maswa, mzaliwa wa juani, nimeletwa huku kununua maua ya pareto. Sijui nilimkosea nani.

Kituo chetu kiko Isyonje, saa nzima kwa baiskeli, vilima vitupu. Nilipofika sikuwa na habari na vidole vya miguu. Niligonga ndoo ya maji kwa mguu, nikajua niliposikia inabingirika. Wakulima walikuwa kwenye mstari na magunia yao tangu saa moja. Bwana Ambrosi, mkuu wetu, mtu wa Iringa aliyezaliwa kwenye baridi hata haisikii, akasema nikichelewa mara tatu baiskeli ya ofisi anampa Jailos, mpima mizani, ambaye hutembea kwa miguu. Leo ni mara ya kwanza.

Baiskeli hiyo nimepiga nayo picha nikampelekea mama. Kijiji kizima kimeiona. Nikinyang'anywa, nitaandika nini nyumbani?

Jailos kanishauri kwenye vilima nishuke nisukume. Eti anayetembea haoni baridi. Maneno ya mtu asiye na baiskeli.

Jumanne, 2 Julai

Nimefunga miguu kwa gazeti la ofisi, kurasa nne kila mguu, soksi juu. Ukungu ukalowesha kila kitu. Nimekanyagia uji wa karatasi njia nzima. Lakini nimewahi.

Bwana Ambrosi kauliza nani kachukua gazeti kabla hajasoma habari za mpira. Nilificha miguu nyuma ya magunia. Nilipovua soksi nikaona timu yake imefungwa. Imeandikwa kwenye unyayo wa kushoto, kinyumenyume.

Jumatano, 3 Julai

Dereva mmoja wa lori kaniambia nitie pilipili kichaa ya unga kwenye soksi. Nikatia. Kilima cha kwanza, raha. Cha pili, joto. Cha tatu nilitupa baiskeli majanini nikakimbilia kwa Bibi Damari, ajuza anayekaa kando ya barabara, nikatumbukiza miguu kwenye maji ya ndama wake. Bibi aliongeza maji tu, akamsogeza ndama.

Nimechelewa mara ya pili. Jailos kauliza kwa upole kama kengele ya baiskeli bado inalia vizuri. Sipendi upole wake.

Alhamisi, 4 Julai

Miguu imevimba. Nimeendesha pekupeku huku machozi yananitoka. Nimewahi. Nimechoka na nchi hii.

Ijumaa, 5 Julai

Sijui kwa nini sikuwaza hili mapema. Viazi! Mbeya imejaa viazi. Nimechemsha kumi, nikapanga vitano vitano ndani ya buti za mpira nilizoazima, kubwa kuliko miguu yangu. Moto mpaka magotini. Nimepita vilima naimba.

Bibi Damari alikuwa barabarani. Kanisimamisha, anataka kuiona miguu ya juzi inaendeleaje. Nikasema nawahi kazini. Kasema aliyepozwa miguu kwa maji ya ndama hapiti mlangoni kama lori. Nikaingia. Sakafu imetoka kupigwa udongo, lazima nivue buti. Nikavua. Viazi vikatoka, kimoja kimoja, mpaka jikoni.

Tulivitazama wote wawili. Nikaona haya kusema ukweli. Nikasema nimemletea zawadi.

Kashukuru kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kisha akawapa nguruwe. Nikashika buti niondoke. Akazichukua. Kasema kwao chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu, marehemu mama yake angefufuka kumgombeza. Nikamwambia bibi, hizi ni buti. Kasema ameziona. Akazisuuza, akazikausha motoni taratibu, akaenda ghalani, akarudi na maharage. Akajaza buti zote mbili hadi juu. Kuyamwaga mbele yake siwezi. Kuvaa siwezi.

Nimefika Isyonje saa mbili na nusu, pekupeku, buti za maharage zinaning'inia kwenye usukani. Mstari mzima wa wakulima ulinipisha. Bwana Ambrosi alinyoosha mkono tu, nikampa ufunguo wa kufuli ya baiskeli.

Jumamosi, 6 Julai

Jailos kapita na baiskeli yangu. Kwenye kilima kashuka, anaisukuma. Kapewa kitu kizuri hivyo halafu anakisukuma. Iliniuma kuliko pilipili.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Sikwenda popote. Nimepika maharage ya Bibi Damari, nikala peke yangu, nikafikiria picha iliyoko kwa mama.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeondoka saa kumi na nusu alfajiri, kwa miguu. Nyasi nyeupe kama kawaida. Nimetembea saa mbili, vilima vyote. Ajabu, miguu imekuwa ya moto tangu Uyole mpaka Isyonje. Nimefika kabla ya mkulima wa kwanza. Bwana Ambrosi kanishika mkono. Jailos kasema si alishaniambia.

Hakuna alichoniambia. Nimelitafakari jambo hili siku nzima na sababu naijua: jana nimekula maharage. Kumbe kosa langu lilikuwa viazi, vinapoa haraka. Maharage yanatunza moto.

Yamebaki ya kutosha buti mbili. Kesho nachemsha. Barua ya kumwomba Bwana Ambrosi anirudishie baiskeli nimeshaiandika.