Yah: Koplo Imaculata, Ambaye Pia ni Mke Wangu

Kassian Haule,
Fridley, Minnesota.

Sajini Mstaafu Peter Ngonyani,
Peramiho, Songea.

Mheshimiwa Baba Mkwe,

YAH: OMBI LA KUMZUIA KOPLO IMACULATA KWENDA NG'AMBO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo, Baba. Natumaini Mama hajambo na mahindi yanaendelea vizuri. Sisi huku tu wazima, theluji imeanza, na mwanao ameitwa. Lile jeshi la akiba alilojiunga nalo miaka mitatu iliyopita, tukaambiwa ni wikiendi moja tu kwa mwezi, linampeleka nje kwa miezi tisa kama muuguzi. Anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Nakuomba kwa heshima zote umwamuru abaki. Katika ukoo wetu ni wewe peke yako unayemzidi cheo: wewe sajini, yeye koplo, mimi kuruta.

Usidhani, Baba, kwamba nina woga. Sababu zangu ni za lugha tu, kama inavyompasa mtu aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka tisa kabla ya kuja kupanga maboksi kwenye ghala la Eagan. Jeshi limeingia nyumbani kwangu kwa mlango wa maneno, na madhara yake ni haya:

1. Saa. Imaculata sasa anahesabu saa za kijeshi. Aliniagiza nikaonane na mwalimu wa binti yetu Brigitha saa kumi na tatu kamili. Mimi na Kiswahili changu nikahesabu tangu asubuhi: kumi na mbili zinaisha magharibi, ya kumi na tatu ni saa moja jioni. Nikafika nimefunga tai. Shule imefungwa, na mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Kumbe ilikuwa saa saba mchana! Mwalimu ameshaandika kwamba baba wa mtoto hatoi ushirikiano.

2. Ugali na dagaa wa Nyasa, chakula kilekile ulichomlea nacho, sasa kinaitwa "chau". Choo ni "latrini". Kwenda kununua maziwa ni misheni, na hatuondoki mpaka tuelezwe njia ya kwenda, njia ya kurudi, na nani atabaki kulinda gari.

3. Brigitha, tuliyempa jina la bibi yake, nikimwita anaitika "Roja". Siku mbili nzima nilidhani Roja ni mtoto wa jirani, kumbe kwa kijeshi ni "nimesikia". Nilikuwa nimeshazoea kumsemesha Kiswahili naye anijibu Kiingereza, lakini sasa hata hicho Kiingereza sikielewi.

4. Nimetangazwa mtoro. Baba, nilikuwa kwenye kochi! Nilitoka kazini alfajiri, nikajinyoosha kidogo, usingizi ukanipitia, na siku hiyo fatiki ya kukwangua theluji ilikuwa yangu. Nilipoamka nikakuta karatasi kwenye friji: "Kassian, mtoro tangu saa 0700." Mtu anatorokaje huku anakoroma palepale? Njeri, muuguzi mwenzake wa Kenya, aliipiga picha karatasi hiyo, na Jumapili baada ya misa akanipokea mbele za watu, "Afande, kwani ulihepa kambi?" Chai ya kanisani siku hiyo nilikwenda kuinywea kwenye gari.

5. Hili ndilo linalonimaliza. Askari wa huku wana jibu moja kwa kila jambo: "Huwa!" Chai tayari? Huwa! Umechoka? Huwa! Sasa Baba, "huwa" kwa Kiswahili haiwezi kusimama peke yake. Huwa nini? Huwa nani? Mara ya kwanza nilisimama na kikombe mkononi nikimngoja amalize sentensi, mpaka chai ikapoa. Na siku aliporudi na habari za safari, nilimwuliza kama anakwenda kweli. Akavua kofia, akasema "huwa" kwa sauti ndogo, akaenda kuoga. Sentensi hiyo hajaimalizia hadi leo.

Kwa hiyo naomba umpigie simu umwamuru abaki. Ikishindikana, umwamuru ayaache maneno hayo mlangoni pamoja na mabuti. Ikishindikana kabisa, unipandishe cheo niwe sajini wa nyumba hii, nimpe amri mwenyewe, maana nikimwomba kama mume ananikumbatia tu, kisha anaendelea kupanga begi.

Wasalimie Mama, mashemeji wote, na yule jirani asiyezima redio. Shauri hili naliweka mikononi mwako.

Ndimi mkweo mtiifu, kwa hiari na kwa kulazimishwa,
Kassian

N.B. Barua hii ilikaa mezani kabla sijaituma, na Imaculata akaikuta. Aliisoma amesimama. Pale nilipoandika kwamba sina woga alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Ukaguzi: umefeli." Jumamosi tukampeleka. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumuaga, Kiswahili sanifu, methali mbili ndani yake. Basi lilipowashwa, neno lililonitoka mbele ya familia zote ni "Huwa!" Akageuka, akacheka, halafu akalia, na mimi vilevile.

Basi usimwamuru chochote, Baba. Amekwenda, nami ombi langu nalifuta, na hayo maneno tunayatumia mimi na Brigitha hata kwenye chau. Limebaki jambo moja tu. Wewe ulikwenda vita vya Kagera, ukavuka mpaka, ukarudi ukamzaa yeye. Nimalizie ile sentensi kwa mwandiko wako mwenyewe. Niandikie kwamba huwa wanarudi.