Timu Isiyo na Kata

Jumanne, 26 Julai 2022

Kuanzia Kagunga hadi Ilagala, pwani yote ya Kigoma, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, Telesphory. Bahati inanijua kwa jina. Bujumbura nimefika mara mbili. Kalemie mara moja na nusu, maana safari ya pili boti liliharibikia katikati ya ziwa. Na sasa nina Mwingereza. Katubuka nzima, kata yetu, ina watu wangapi? Kanichagua mimi niwe rafiki yake.

Anaitwa Bwana Grahamu. Fundi wa pampu za maji kambini kwa wakimbizi, kapanga nyumba jirani na kwetu. Leo nimemkuta barazani anasikiliza mpira wao wa kriketi kwenye simu, uso kama wa mfiwa. Nikamwomba anieleze. Kwao kila mkoa una timu yake ya tangu babu wa babu yake. Mechi moja siku nne. Wanasimama wanywe chai, wanaendelea. Na siku ya nne wanaweza kurudi nyumbani bila mshindi, wala hakuna anayepigwa. Kumbe waliotutawala walikuwa na muda kiasi hicho.

Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba siku hizi matajiri wameanzisha timu zisizo na mkoa. Majina ya kutisha, jezi rangi ya pipi, wachezaji wa kununua kutoka kwenye zile za zamani. Mechi inaisha kabla ya chakula cha jioni. Timu ya mkoa wake imebaki kutazamwa na wazee na mbwa wao. Akavua miwani, akaifuta.

Nilimpa pole. Moyoni nilikuwa nimeshashona jezi.

Jumatano, 27 Julai

Nimekwenda kwa Hamdani, muuza magodoro. Nikamwambia Kombe la Nane Nane lina timu za kata tupu, kila moja na watu wake wachache. Timu isiyo na kata ni ya watu wote. Akauliza kama watu wote watanunua magodoro. Nikamjibu kwamba watu wote wanalala. Akaagiza chai mbili.

Timu itaitwa Radi ya Tanganyika. Jezi zambarau, radi ya dhahabu kifuani. Hamdani ni mwenye timu. Mimi ni Mkurugenzi. Darasa la sita, na sasa Mkurugenzi.

Ijumaa, 29 Julai

Siku ya kununua. Nimeanzia nyumbani, kwa Mshikamano wa Katubuka, timu ya Mzee Nikodemu, mkausha samaki, wale migebuka wa ziwani. Ilianza kabla sijazaliwa. Jezi zao zilikuwa kijani zamani, sasa hazina rangi yenye jina. Nimewaahidi vijana viatu vipya, na pilau ya nyama kila baada ya mazoezi. Sita wamekubali kabla sijafika kwenye nyama. Wanne wengine nimewatoa Ujiji.

Ninayemtaka hasa ni Ciza, golikipa. Sijui niandikeje. Nimeona makipa Bujumbura, nimewaona kwenye televisheni. Ciza hadaki mpira. Mpira unamwendea wenyewe, kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Leo kadaka mikwaju mitatu mfululizo huku akipiga miayo, nikasahau kwamba nimekuja kumnunua. Amesema lazima amuulize bibi yake.

Njiani nikakutana na Mzee Nikodemu. Shikamoo. Marahaba, ndefu sana. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeshaandaa majibu. Hakutukana. Aliuliza tu kama na machepe nachukua. Nikasema Mzee, sisi tunacheza mpira, hatulimi. Akasema haya, mwanangu, akageukia moshi wake. Uzee huo.

Jumamosi, 30 Julai

Kwa Bibi Capitoline, bibi yake Ciza. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Siku hizi anaumwa kifua, hatoki kitandani. Jezi za Mshikamano alizifua yeye miaka yote mpaka mwaka jana.

Nikamsalimia kwa Kirundi, amahoro, nikamwekea sukari mezani, nikamweleza habari za Radi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: “Timu yako inazika?”

Nikacheka. Nikamwambia Bibi, hii ya kisasa, inafunga magoli tu.

Yeye hakucheka. Akasema, mwana wanje, mwanangu, mimi huku sina ukoo. Ukoo wangu niliuacha ng’ambo, wengine hata kaburi hawana. Mume wangu alipokufa aliyechimba ni Mshikamano. Binti yangu, mama yake Ciza, aliyemzika ni Mshikamano. Ndiyo sheria ya Nikodemu, ukivaa jezi unashika na chepe. Sasa wewe umewachukua wote, na mimi najiona ninavyokwenda. Nataka kujua tu nani atanichimbia.

Nikamwambia Bibi, wewe bado sana. Akasema hilo siyo nililouliza.

Lakini hakumkataza Ciza. Kijana aende akale nyama, alisema. Nimetoka na kipa wangu. Ajabu, sikujisikia kupiga mluzi.

Jumatano, 3 Agosti

Mazoezi. Jezi zimefika! Vijana kumi na mmoja wa zambarau wakikimbia kando ya ziwa, na maji nyuma yao yametulia mpaka milima ya Kongo inaonekana. Watu wameacha kupima dagaa. Nimeona vitu duniani, lakini hiki nimekitengeneza mimi.

Mshikamano wanafanya mazoezi upande wa pili. Wamebaki watano, wakiongezewa mwalimu wa dini na fundi baiskeli mwenye goti bovu. Droo imetoka: tunakutana nao sisi, asubuhi ya Nane Nane. Nikawapigia kelele kwamba wakichoka tutawaazima viti. Veneranda muuza samaki akanijibu mbele ya watu kwamba radi bila mvua haioteshi kitu, inaua mbuzi tu. Watu walicheka sana. Kupita kiasi, naona.

Jumapili, 7 Agosti

Bibi Capitoline amefariki alfajiri.

Mazishi ni kesho. Kuchimba ni asubuhi, saa mbili. Mechi ni saa tatu. Nimekimbia kwa Hamdani kuomba isogezwe. Hamdani kasema pole sana, anampa marehemu sanda na mchele gunia zima, lakini gari la muziki limeshalipiwa na wageni wameshaalikwa. Kisha akasema jambo lingine: Mshikamano lazima waende kuzika, ndiyo sheria yao. Wasipotokea uwanjani, Radi inapewa ushindi bila jasho.

Nakiri. Nilifurahi. Kama dakika mbili. Kisha nikahesabu wachimbaji waliobaki, watano, mwalimu wa dini na lile goti. Na udongo wa Katubuka kiangazi hiki ni tofali.

Usingizi hauji.

Jumatatu, 8 Agosti

Saa mbili na nusu uwanjani. Muziki mpaka bati za shule zinacheza. Hamdani kavaa koti. Mwamuzi kavaa soksi ndefu. Mshikamano hakuna hata kivuli. Radi wangu wamefika wote, zambarau, wamesimama mstari mmoja. Ciza wa mwisho, macho mekundu. Nikajua tumeshinda.

Ciza akaja mbele. Akamsalimia Hamdani vizuri, akamwambia anakwenda kumchimbia bibi yake. Hamdani akasema wewe nenda, mfiwa hazuiwi, wengine wabaki. Atakayeondoka aache jezi.

Ciza akavua jezi, akaikunja, akaiweka juu ya boneti ya gari la Hamdani. Akafuata beki. Akafuata yule mfupi wa kushoto. Wanakunja vizuri, kama zinarudi dukani. Mpaka wale wanne wa Ujiji, ambao Bibi hawakumjua hata kwa sura. Nikamuuliza mmoja, wewe unakwenda wapi? Akanitazama kama niliyeuliza maji yanakwenda wapi. Akasema, “Bosi, hata kwetu timu ndiyo inazika.”

Jezi kumi na moja juu ya boneti. Muziki unaendelea peke yake. Nikawafuata, Mkurugenzi na filimbi yake shingoni.

Makaburini niliona nisichowahi kuona. Mshikamano walikuwa wamechimba mpaka magotini, wamekwama kwenye mwamba. Mzee Nikodemu alipoona vifua wazi vinakuja, akaanza kugawa machepe. Akapanga zamu. Wanne ndani, wengine wanapumzika, anaita, wanabadilishana. Radi, Mshikamano, huwezi kujua nani ni nani, wote vumbi moja. Saa ya chai wakakaa, wakanywa, wakarudi. Bwana Grahamu alikuwepo, kofia mkononi. Akaomba zamu, akapewa. Nikapewa na mimi, sururu, bila kuulizwa. Malengelenge matano. Machozi pia, ya vumbi.

Saa tisa Bibi alishushwa. Ciza alimpokea chini kwa mikono miwili. Sitaandika zaidi.

Alhamisi, 11 Agosti

Hamdani kaifuta Radi. Jezi kazigawa kwa wauza magodoro wake. Vijana wote wamerudi kwa Nikodemu, tena bila kuomba msamaha wala kuombwa kurudi.

Nimefikiri siku tatu, malengelenge kwenye maji ya chumvi. Nimeona kosa liko wapi. Nilinunua mpira, na mali yenyewe ni machepe. Wazo jipya: kampuni ya kuzika isiyo na kata. Wachimbaji bora wa Katubuka na Ujiji, sare nyeusi yenye radi ndogo ya heshima.

Nimemwendea Ciza kwanza, pale msibani. Nikamwambia atakuwa nahodha wa wachimbaji. Akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala. Wakanipa ugali na dagaa chini ya turubai, nikala nikimweleza habari za sare.

Jioni nikaenda kwa Bwana Grahamu kuomba mtaji. Akasema hapana. Nikamkumbusha kwamba aliyenichagua kuwa rafiki ni yeye. Akasema, kwa upole, hakumbuki kumchagua mtu. Anakumbuka mtu aliyekuja barazani siku tisa mfululizo mpaka akaletewa kiti.

Ni kweli. Nilijialika. Bahati sina, sijawahi kuwa nayo, na nilichoandika siku ya kwanza ni uongo.