Korosho za Mama Mkwe

Wanangu, leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya mama mkwe.

Niko hospitali huku Nachingwea, namuuguza. Tangu nimuoe mwanae hajawahi kuniita mkwe. Mi naitwa "yule wa Nambilanje", kijiji chetu kule Ruangwa. Sasa asubuhi akasema anatamani korosho za kuchoma. Nikaona leo ndo leo! Korosho ghafi ninazo kwenye begi (mtu wa Ruangwa hasafiri mikono mitupu).

Nyuma ya wodi kuna jiko la ndugu wa wagonjwa. Ukutani tangazo refuuu. Shule mi niliishia njiani, nikasoma pale juu tu, "NDUGU WAPENDWA", nikajua nimekaribishwa.

Nikaweka bati motoni, nikamwaga korosho. Nikasema ngoja nimuwahishie mama uji, narudi sasa hivi.

Mnajua mafuta ya ganda la korosho yakishika moto? Uji haujafika nusu, moshi mweusi tii ukaingia madirishani. Kengele ya moto ikalia. Muuguzi akasema tutoke taratibu, tukusanyike uwanjani.

Taratibu? Nikambeba mama mkwe mgongoni. Mgongoni, jamani! Mtu ambaye hata kumsalimia nasimama mbali. Ananipiga kichwani, "Niteremshe, miguu ninayo." Nikaongeza mbio.

Nikamtua, nikarudi ndani kuchukua mtungi wa kuzimia moto. Nabana, unagoma. Kumbe pini haijatolewa. Nikachomoa huku nachungulia mdomo wake. Puuu! Unga wote usoni. Nikatoka mweupe kama nimelala mashine ya kusaga. Watu wakanipigia makofi, eti shujaa. Nikawapungia mkono (korosho wala sizikumbuki).

Kumbe mlinzi alishauzima moto kwa ndoo ya mchanga. Mara akaja muuguzi mkuu, kashika bati langu kwa kitambaa.

"Hizi za nani?"

Hapo ndo nikakumbuka. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema watu wengine hawana akili kabisa.

Mama mkwe akanigeukia, kwa upole ambao sijawahi kuusikia toka kwake.

"Mkwe, mbona umeziunguza?"

Uwanja mzima ukanitazama.

Basi, kuitwa mkwe nimeitwa. Muuguzi kanisomea lile tangazo lote mbele ya watu, mpaka nukta. Saa hizi nimeshika fagio, nafagia unga wodini. Atakayecheka, msimu huu asije kuniomba korosho.