Waya Sitaki

Jumapili, tarehe 3 Mei

Runinga imeganda tena. Msomaji wa habari amebaki mdomo wazi, jicho moja limefumba, kiduara kinazunguka juu ya pua yake. Tumemtazama hivyo dakika sita. Mke wangu anasema anamwonea huruma. Mimi najionea huruma mwenyewe.

Tatizo linajulikana. Intaneti inaingilia chumbani kwetu, na kisanduku chake kimefungwa ukutani huko huko. Runinga iko sebuleni. Katikati kuna kuta tatu nene, kabati la nguo lenye kioo, na friji. Mpaka mawimbi yafike sebuleni yamechoka kama mimi nikitoka kazini.

Shemeji alikuwepo, bila shaka. Ni kaka wa mke wangu, kazi yake kutandaza nyaya za mtandao maofisini. Alichungulia nyuma ya runinga, akapima ukumbi kwa macho, akasema, "Shemeji, hapa ni waya tu. Mita kumi na nane. Nakufanyia mara moja."

Nikamshukuru, nikakataa. Nikasema nyaya zinaharibu sura ya nyumba. Ukweli ni mwingine. Mwaka jana alitengeneza bomba la jikoni ambalo mimi nilikuwa nimeshalitengeneza, na tangu hapo kila ndugu wakikutana hadithi ya bomba inasimuliwa upya, na kila mara mimi ndiye ninayelowa.

Hapo Mama akauliza. Mama ni mama mkwe wangu, tunakaa naye tangu avunjike nyonga. Jumamosi saa nne asubuhi kitinda mimba wake anahitimu urubani, nchi ya mbali, na chuo kitarusha sherehe kwenye intaneti. Miaka mitatu hawajaonana. Kwenye simu Mama haoni kitu, macho yake yanataka kioo kikubwa. Akauliza kama kweli atamwona mtoto.

Nikamwambia atamwona vizuri kuliko waliokaa ukumbini.

Shemeji alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna.

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nazunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba, nahakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Kwa hiyo nimeanza na vipimo, si kwa kubahatisha kama mafundi. Nimetembea nyumba nzima na simu mkononi, kila hatua mbili naandika kwa chaki sakafuni nguvu ya mawimbi.

Matokeo: mawimbi yana nguvu kuliko kote chooni.

Nilipokwenda kuchukua daftari ninakili ramani, mke wangu alikuwa ameshapiga deki. Aliniuliza kwa nini nimechorachora sakafu kama mtoto.

Nimewapigia simu wauzaji wa intaneti. Muziki, dakika arobaini. Kisha binti mwenye sauti ya upole akaniambia nizime kisanduku, niwashe tena. Nikamwambia nimeshafanya hivyo mara tisa. Akaniomba nifanye ya kumi yeye akisikiliza. Nikafanya. Simu nilikuwa nimeipiga kwa intaneti hiyo hiyo, kwa hiyo nilipozima kisanduku nikamzima na yeye.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Ofisini tuna mwenzetu tunamwita Profesa, kwa sababu ya miwani tu. Kasema mawimbi yanadunda kwenye bati kama mpira ukutani, kwa hiyo weka bati nyuma ya kisanduku na yote yatageukia sebuleni. Ina mantiki.

Nimechukua trei kubwa ya kuokea keki. Kisanduku nimekifungua ukutani, nimekipandisha juu ya kabati, trei nyuma yake. Nikakimbilia sebuleni. Picha safi! Msomaji wa habari anafumba na kufumbua macho yote mawili. Nikamwita Mama aje ashuhudie. Kwa mwendo wake na fimbo, alipofika trei ilikuwa imeshaanguka nyuma ya kabati.

Nikaingiza mkono kuitoa. Kisha bega. Kisha nikawa siwezi kutoka.

Aliyenikuta ni Shemeji, kaleta dawa za Mama. Akasogeza kabati kwa mkono mmoja, akaniokota, akaniokotea na trei. Hakucheka. Alisema tu, kwa ustaarabu, kwamba ule waya bado uko kwenye gari. Nikamwambia uendelee kukaa huko, gari ni zuri.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimechoka hata kazini. Leo nimeipigia muhuri mizani ya mchinjaji bila kuweka juu yake jiwe hata moja. Mchinjaji mwenyewe ndiye aliyenikumbusha, tena kwa sauti ya mtu anayemsemesha mgonjwa.

Mchana nimenunua kikuza mawimbi. Ni kidude kinachochomekwa ukutani njiani, kinayapokea mawimbi na kuyasukuma mbele. Juu ya boksi kuna mama, baba na watoto wawili wanatazama runinga wakicheka. Imeandikwa kazi ni ya dakika mbili.

Saa ya tatu ya zile dakika mbili nilisoma maelezo. Taa ikiwa nyekundu, sogeza kikuza karibu na kisanduku. Nikasogeza ukumbini. Nyekundu. Mlangoni. Nyekundu. Ndani ya chumba. Nyekundu. Imekubali kuwa ya bluu pale tu kikuza kilipogusana na kisanduku. Vimelala pamoja juu ya kabati sasa, vinapendana, na sebuleni hakuna kinachofika.

Nikiwa bado juu ya kiti, Mama kanipa habari. Amewaalika wenzake wa kliniki ya mazoezi. Sita. Wote wa nyonga na magoti. Amewaambia mkwe wake ana runinga kubwa na ameshughulikia kila kitu.

Nikasema karibu zao.

Jumatano hiyo hiyo, kabla ya chakula cha jioni

Mke wangu ameniuliza taratibu kwa nini nisimwachie kaka yake. Nikasema ni suala la kanuni. Akauliza kanuni gani. Nikasema naoga kwanza.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Nimepata! Ukuta wa sebule yetu ndio ukuta wa sebule ya jirani, daktari wa meno. Intaneti yake ni kali, simu yangu imekuwa ikiiona siku zote. Kinachokosekana ni pasiwedi tu. Nimemwendea, nimemweleza habari za Mama na rubani wake. Akanipa palepale, mama wa watu, hata hakuomba kitu.

Runinga imefanya kazi mchana kutwa bila kuganda. Nimempigia Shemeji kumjulia hali na nikataja, kwa kupitia tu, kwamba sebuleni kwangu hamna waya na picha inatiririka kama maji. Akasema hongera.

Ningeishia hapo. Lakini Jumamosi panatakiwa hotuba ya kuwakaribisha wageni, na nilikuwa nimejirekodi kwa simu nikifanya mazoezi, nimevaa fulana ya ndani na taulo begani. Nikataka kujiona kwenye kioo kikubwa. Simu, nayo ikiwa kwenye intaneti ya jirani, ikaleta orodha ya runinga zilizo karibu. Zilikuwa mbili, jina moja, maana zimetoka kiwanda kimoja. Nikagusa ya juu.

Runinga yangu haikuonyesha kitu. Nikaongeza sauti. Bado. Nikaongeza hadi mwisho. Ndipo nikaisikia sauti yangu upande wa pili wa ukuta, nikiwakaribisha mabibi na mabwana.

Daktari alikuwa na wageni, madaktari wenzake watano. Alikuja mlangoni mwenyewe. Hakugomba. Alisema hotuba ni nzuri ila ni ndefu, na kwamba amebadilisha pasiwedi. Akaongeza kuwa jino langu la juu kushoto linahitaji kutazamwa. Limeonekana vizuri sana.

Ijumaa, tarehe 8 Mei

Siku ya mwisho. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema nina mgonjwa.

Wazo la asubuhi: runinga ihamie chumbani. Mke wangu akauliza kama bibi sita wenye fimbo watakaa juu ya kitanda chetu. Nikaona hoja.

Wazo la mchana: kama runinga haiendi kwenye kisanduku, kisanduku kije kwenye runinga. Waya wake unaoingia kutoka nje umekunjwa nyuma ya kitanda, mwingi tu, nimeuona kwa macho yangu. Nikakiteremsha kisanduku kutoka juu ya kabati, kikiwa kwenye waya mrefu wa umeme, nikakikumbatia, nikaanza kurudi nacho nyumanyuma. Mlango nikaupita. Ukumbini nikaingia. Nilikuwa nimebakiza hatua kumi kufika sebuleni nilipohisi ule waya wa nje umenivuta kidogo, nami nikauvuta kidogo.

Ulikatika bila kelele. Taa zote nne kwenye kisanduku zikazimika.

Miaka ishirini napima vitu vya watu. Waya ule sikuupima.

Sasa hakuna intaneti sebuleni, chumbani, wala chooni. Mke wangu alisimama mlangoni, akaangalia ncha ya waya mkononi mwangu, akaenda zake jikoni. Sufuria zikawa zinasema kwa niaba yake.

Jioni Mama kaniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nguo ya kesho ameshaipiga pasi mwenyewe, imetundikwa mlangoni. Nikaanza kumweleza kuhusu njia mbili tatu zilizobaki. Akanyanyua mkono.

"Mwanangu," akasema, "siku mtoto anaondoka sikutoka chumbani. Nilimwambia kwa kazi hiyo ya kuruka angani nitamwombolezea angali hai. Aligonga mlango kuniaga, akasema nisiogope, tangu utotoni anatua vizuri kuliko anavyoruka. Sikufungua. Mpaka leo kwenye simu tunaulizana hali ya hewa."

Sikuwa nikilijua hilo. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia.

"Nimemtumia ujumbe kwamba kesho nitamtazama," akasema. "Mpigie shemeji yako."

Nilitoka kwenda kupiga uani, nisisikiwe, kwa vocha maana intaneti nimeshaikata. Simu iliita mara moja tu. Nikaeleza kwa kifupi, sehemu ya kuvuta nikaipita haraka. Nilikuwa nimejiandaa acheke. Akasema saa moja asubuhi atakuwa mlangoni. Afadhali angecheka.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Saa moja kasoro Shemeji alikuwa juu ya ngazi. Kwanza ameunga waya niliokata. Kisha mita kumi na nane zimepita juu ya fremu za milango, kwenye kona ya dari, zikashuka nyuma ya runinga. Vijipini vidogo vyeupe, kila hatua kimoja. Nilimshikia ngazi. Haikuhitaji kushikwa.

Dakika arobaini na tano, pamoja na chai.

Bibi sita wakafika pamoja, fimbo zimejaa kwenye kona kama kuni. Saa nne kamili ukumbi wa chuo ukatokea kwenye kioo, safi, kila mtu ana pua yake na macho yake mawili. Hotuba yangu sikuitoa. Hakuna aliyeiulizia.

Walikuwa wanaitwa mmoja mmoja. Alipotokea, sikumtambua. Aliondoka ana mashavu, sasa ana taya. Mkubwa mmoja akambandika beji ya mabawa kifuani, kisha kila mhitimu akapewa dakika ya kusema. Wenzake waliwashukuru walimu. Yeye aliongea lugha ya kule kidogo, kisha akaigeukia kamera akaongea lugha yetu.

"Mama, kama unaniona," akasema, "bado natua vizuri kuliko ninavyoruka."

Mama akasimama. Fimbo haikuwepo mkononi, ilikuwa kule konani na zile nyingine. Akavuka sebule nzima, hatua fupi fupi, na sisi sote tukaogopa kumshika. Akaweka kiganja kwenye kioo, palepale kifuani, juu ya mabawa.

"Nakuona," akasema. "Nenda, mwanangu. Nenda salama."

Huyo wa kwenye kioo hakuweza kumsikia, alikuwa ameshakwenda kukaa. Lakini dakika kumi baadaye simu ya Mama ililia, na wakaongea muda mrefu chumbani, mlango wazi. Hali ya hewa haikutajwa.

Mimi nilikuwa ukumbini. Nilisema nakagua waya kama umekaa sawa. Shemeji naye akaja kukagua. Tukakagua pamoja, tumeangalia dari, mpaka macho yalipokauka.

Wakati wa kula Mama akanishika mkono mbele ya wote. Akasema niliahidi na nimetimiza. Shemeji alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliendelea kula, akaomba chumvi. Ilikuwa nafasi yangu kusema neno.

Nikampa chumvi.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nimelala hadi saa tatu. Runinga inafanya kazi. Mke wangu ameniambia nikiugusa waya ule nitahamia ofisini kwa Profesa. Hana haja ya kutisha. Nimepumzika, akili imetulia, nina amani.

Mchana simu. Ni mmoja wa wale bibi sita, mrefu, mwenye fimbo mbili. Mjukuu wake anacheza mpira nje ya nchi, mechi yake ni Jumamosi ijayo, na runinga yake inaganda. Mama amemwambia mkwe wake ni bingwa wa mambo haya. Akauliza kama nitaweza, au atafute fundi, maana alimwona yule kijana mtaratibu akirudisha ngazi kwenye gari.

Nikamwuliza nyumba ikoje. Ghorofa mbili, kuta za mawe, intaneti iko chini, runinga iko juu.

Nimemwambia fundi wa nini. Atamjazia nyaya tu. Aniachie mimi, siku moja inatosha, na kesho nitapita kazini kwanza kuomba ruhusa ya mgonjwa.